Klipu Iliyobaki Koponi

Mpwangu Athman,

Dua zimetangulia. Kila baada ya sala ya alasiri nasimama pale makaburini, nakusomea ninachokijua, na nikikosea aya naanza upya. Kwa hiyo naamini zimekufikia kabla ya karatasi hii. Karatasi hii ni ya mambo mengine. Ni ya gari.

Najua ungesema, Mjomba, wewe na kalamu wapi na wapi. Niliishia darasa la nne, sikatai, lakini darasa la nne la Kizingitini la wakati wetu si mchezo. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa akiniita nimsomee barua zake, kwa sababu miwani yake ilimwangukia baharini. Hiyo umeisikia mara nyingi. Kila nikiisimulia ulikuwa ukiuliza ni samaki gani anayeivaa siku hizi.

Nianze na habari za nyumbani. Mama yako hajambo. Mwanzo alikuwa akila kama ndege, tonge mbili anasukuma sahani, lakini sasa dada yangu Zena amerudi kuwa Zena. Juzi alinigombeza kwa kuacha viatu mlangoni mpaka nikafurahi. Banda la gari tumeliezeka upya kwa makuti mapya. Korosho zimetoa maua. Malori ya bandarini yanapita barabara ya juu mchana kutwa, na vumbi lake linatufikia mpaka kwenye vikombe. Na mimi nimehamia huku Kililana. Ndiyo, mimi. Mtu aliyezaliwa na maji miguuni sasa naamshwa na jogoo, tena jogoo wa jirani, asiyejua saa. Nilisema nakuja kukaa na dada mpaka matanga yaishe. Matanga yakaisha, nikasema nakaa mpaka arubaini. Arubaini ikaisha, na hakuna aliyeniuliza tena narudi lini.

Sasa gari. Wewe huna haja ya kukumbushwa, lakini mimi kisa nisipokianza mwanzo hunikwama kooni.

Ile Landrova ilikuwa ya baba yako, Bwana Famau, Mungu amrehemu. Aliinunua kwa bwana mmoja wa serikali aliyehamishwa, akabebea simsim na korosho mpaka Mokowe, na mtu mwenye gari siku zile, nti nzima hii ilimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Giaboksi ikafa. Baba yako akaisukuma bandani, akasema ingoje. Mimi nikamwambia, shemeji, gari lingoje, lakini injini ni nzima, nipe mimi niitie kwenye boti. Akanipa. Nikaja na watu wanne na mti wa mkoko mabegani, tukaibeba injini ile kwa miguu mpaka majini. Ulikuwa ukishikilia kwamba tulikuwa wanane. Wanne, Athman. Wa tano alikuwa akiimba.

Injini ile ikafanya kazi kuliko watu. Ilibeba kamba wa Kizingitini, wakubwa, wale wa kuonyeshea wageni, na haikulala. Siku moja fenibelti ilikatika tukiwa mbali kabisa, nikavua kilemba changu, nikakisokota, nikakifunga mahali pa fenibelti, tukafika. Na kilemba nikakifua, Ijumaa nikakivaa. Unaweza kumuuliza mtu yeyote. Tena wengi wao mko nao huko.

Na wewe, mtoto mdogo, huku Kililana ulikuwa ukikaa kwenye lile gari lisilo na injini, ukizungusha usukani na kutoa mlio kwa mdomo. Nilikuwa nikija kumwamkia dada nakukuta humo. Vruu, vruu. Mlio wenyewe nilikuwa nao mimi, nimeufungia kwenye boti.

Ukakua, ukaenda Mombasa, ukaingia kwenye gereji ya Bwana Karim, yule anayerudisha magari ya kale kuwa kama yalivyotoka kiwandani. Ukarudi huku umeharibika kabisa. Zamani ulikuwa mtu wa kuridhika injini ikiwaka. Sasa injini ikiwaka unauliza kama imewaka kwa adabu. Ukaja Kizingitini kunitazama, ukanywa chai, ukasema, "Mjomba, nataka injini ya baba." Mimi wakati ule nina mashine mpya ya kisasa, ya baba yako iko stoo inalaliwa na kuku. Nilikupa. Ulitaraji tubishane, naona, kwa sababu ulikuwa umekuja na maneno mengi, ukarudi nayo yote.

Mama yako akasema amepata mkwe mwenye magurudumu manne. Ukamjibu kwamba angalau huyu hatamwaga chumvi kwenye mchuzi.

Tulivyogombana bandani mle! Sikuwahi kugombana na mtu vizuri namna ile.

Kwetu sisi watu wa boti sheria ni chache, na kila mtu anazijua tangu Faza hadi Kiwayu. Kitu cha umeme kinapanda juu, mbali na ngama, pale maji machafu yanapokusanyika. Kitu chenye mdomo kinageuzwa mdomo chini, ili maji ya chumvi yasilale juu yake. Na skrubu zote zinamtazama nahodha, maana nahodha yuko nyuma, ameshika usukani, na bahari ikichafuka hakuna wa kuzunguka injini kutafuta kichwa cha skrubu. Hivyo ndivyo mikono yangu ilivyofundishwa. Siku ile ulipokwenda Mokowe kutafuta grisi, nikasema nikufurahishe, nikafunga vitu peke yangu. Ukarudi, ukafungua boneti, ukashika kiuno.

Koili, ile ya kutia cheche, nimeipandisha juu kabisa, inaning'inia mdomo chini kama popo. Klempu za mipira ya rejeta, zote, vichwa vya skrubu vinatazama nyuma kwa dereva.

"Mjomba," ukasema, "dereva atazifikia vipi? Atoboe kioo?"

"Lakini maji hayaingii," nikakwambia.

"Maji yapi, Mjomba? Hapa Kililana. Bahari iko kule."

"Bahari inaweza kuja."

Ukacheka mpaka ukakaa juu ya tairi. Kisha ukafungua vyote. Ukafungua kimoja kimoja, bila hasira, na kila ulichokifungua ukaniambia kwao. Ndivyo ulivyosema, kila kitu kina kwao. Koili kwao hapa, tazama matundu mawili ya skrubu, ya zamani, yana kutu ya zamani. Klempu kwao zinatazama huku, pembeni na chini. Nikauliza ni mwendawazimu gani anayefunga skrubu mahali ambapo mkono haufiki. Ukaniambia, "Aliyeifunga kiwandani, Mjomba, injini ilikuwa imesimama peke yake. Hapakuwa na boneti, hapakuwa na hizi mbawa za juu ya magurudumu. Mkono wake ulifika popote."

Hilo lilinikaa. Nililifikiri njia nzima ya kurudi Kizingitini. Kwamba kuna mtu, kule kwao Uingereza, alisimama upande mmoja wa injini iliyo uchi, akafunga kijiskrubu kile, akaenda kunywa chai, na wewe mtoto wa Zena huku Kililana unamfuata mkono wake.

Ukanifundisha kutafuta vivuli. Unapangusa chuma kwa kitambaa chenye petroli kidogo, polepole, usisugue. Pale kipande kilipokaa miaka yote, rangi haikupauka. Kinabaki kivuli chake, umbo lake kamili, hata kipande chenyewe kikiwa kimetupwa zamani. Ndiyo maana ulikataa katakata kuipaka injini rangi mpya, ingawa mama yako alisema gari lenye madoa namna ile ni aibu mbele ya wageni. Ulimwambia, "Mama, ukiosha hayo madoa umenifutia ramani."

Halafu figo.

Sitaandika habari za figo. Unazijua kuliko mimi.

Nilipokuja kukuona kule hospitali Mombasa, nilikuletea kaimati za mama yako na nikakueleza njia nzima jinsi basi lilivyokuwa likiendeshwa na mimi, kwa maneno tu, kwa sababu dereva alikuwa mgeni wa ndia. Ulinisikiliza. Ulikuwa umepungua, mkono wako ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Ukasema, "Mjomba, usije ukanigeuzia gari kuwa boti."

Nikakuahidi. Na unanijua, nikaongeza. Nikasema nitalifunga gari lile mpaka wale waliolitengeneza watoke Uingereza waje kujifunza. Ukafumba macho, ukatabasamu. "Lifunge tu, Mjomba," ukasema. "Wasije."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Watu wengine wanaachiwa wasia wa mashamba.

Basi arubaini ilipokwisha nikafungua boneti. Kazi kubwa ulikuwa umeimaliza. Injini iko ndani, imekaa sawa, giaboksi nzima. Vilivyobaki vilikuwa vidogo vidogo, vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga, kila kimoja umekizungushia kitambaa cha kanzu yako kuukuu. Hakuna maandishi. Ulikuwa ukisema kichwa kinatosha, na kweli kilitosha, mpaka ukaondoka nacho.

Na Bwana Karim alikuwa amepeleka salamu kwamba atakuja. Ulikuwa umeliombea gari nafasi kwenye mkusanyiko wao wa magari ya kale Mombasa, na nafasi hiyo bado ipo. Lakini uliniambia mwenyewe jinsi kule wanavyoyapanga magari: mstari mmoja wa yale yaliyo kama yalivyotoka kiwandani, na mstari wa pili wa yale yaliyochanganywa. Ulikuwa ukisema, "Gari la baba haliitwi chotara." Karim anakuja kutazama linaingia mstari gani. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu. Mikono hii hii ya boti.

Nikwambie nilivyofanya, maana hakuna fundi mwingine duniani aliyewahi kulifikiria hili. Nilikuwa nikichukua kipande, nakifunga, kisha najiuliza moyoni: je, nimeona raha? Nikiona raha, najua nimekosea. Hapo mkono umerudi Kizingitini. Nakifungua. Natafuta kivuli. Nasimama kama yule mtu wa kiwandani, upande mmoja, najifanya mbawa hazipo, naingiza mkono mpaka ngozi inachubuka. Kikikaa mahali ambapo roho yangu yote inakataa, naangalia kivuli, naona ndipo.

Hivyo ndivyo ilivyorudi koili, imelala ubavu kama mgonjwa, wala si mdomo chini. Zikarudi klipu za waya za plagi, kila moja na njia yake. Ikarudi ile spring nyembamba ya kabureta, inayorudisha mafuta ukiondoa mguu, ambayo mimi kwenye boti nilikuwa nimeweka mpira wa kandambili na ukafanya kazi vizuri kuliko spring. Zikarudi klempu, vichwa vyake vinatazama chini, mahali pa kipumbavu. Nilikuwa nikimaliza kimoja nakwenda kumwambia dada, "Kimoja kimefika kwao." Naye anasema, "Alhamdulillahi," kama niliyemletea habari za msafiri.

Kopo likaisha. Nikaligeuza, nikalipiga matako. Ikadondoka klipu moja.

Klipu ya chuma, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, imekunjwa kama sikio, na tundu moja la bolti. Umeifunga kwenye kitambaa vizuri kuliko zote.

Nikaijaribu kwenye waya za plagi, ikacheza. Kwenye bomba la breki, ikabana mno. Nikalala chini ya gari, nikatoka na mchanga masikioni. Nikapangusa kila mahali, nikatafuta kivuli chenye umbo la sikio, hakuna. Hakuna tundu tupu, hakuna bolti iliyokosa kazi. Kila kitu kiko kwao, na bado kuna mmoja mkononi mwangu asiye na kwao. Barazani watu wakaniuliza imebaki nini. Nikawaambia kiwanda kilikuwa kikitoa klipu moja ya akiba kwa kila gari linalokwenda kwa mtu mwema, na baba yako walikuwa wamesikia habari zake. Wakakubali wote. Mimi mwenyewe sikukubali.

Maana kama ipo klipu isiyo na mahali, basi pana mahali panapoidai. Na Karim angepaona.

Mama yako tangu ufe hakuwa amekanyaga bandani. Chai alikuwa akiiacha kwenye jiwe la nje, anaita, anaondoka. Siku hiyo aliita, nikawa kichwa kimo ndani ya injini sikusikia, naye akaingia. Akasimama na birika mkononi, anatazama.

"Omari. Bado wahangaika na kile kijichuma?"

"Dada, hiki si kijichuma. Hii ni siri ya Wazungu."

"Siri!" Akaweka birika chini, akainama, mkono mmoja kwenye mbawa ya gari. Ndiyo mara ya kwanza kumwona ameligusa. Akatazama kama anavyotazama mchele, anachagua. Kisha akanyoosha kidole. "Na hiki king'aacho, nacho chatoka Ulaya?"

"Hicho changu," nikamwambia, na kifua nikakitoa. "Hicho nilikikata mwenyewe, kutoka kwenye shaba ya kitasa cha mlango wa nyumba ya bibi. Kinashika bomba la petroli. Chuma chao kingeliwa na chumvi msimu mmoja. Hicho shaba, hakishiki kutu mpaka kiama."

"Chako," akasema. "Kwani wewe ni kiwanda?"

Athman, nilisimama pale na spana kama niliyepigwa kofi.

Kila siku nilikuwa nikikiona. Kila siku mkono wangu ulipita juu yake. Na jicho likaruka, kama mtu asivyouona mlango wa nyumba yake mwenyewe anapoingia. Kwetu Kizingitini bomba la petroli hushikwa na shaba. Mimi ningejuaje kwamba kuna mtu duniani anayelishika kwa kitu kingine? Nikatafuta kivuli kila mahali isipokuwa chini ya kitu changu.

Nikatia spana. Kabla ya kuzungusha nikaona chini ya kichwa cha bolti pana washa, ile pete nyembamba ya chuma. Mpya. Mimi sikuweka washa pale, siku zile ningeitoa wapi. Basi wewe ulikifungua. Ulikishika mkononi, ukakipangusa, maana kwenye boti kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na sasa kinang'aa. Kisha ukakirudisha mahali pake, ukaweka washa mpya, ukakaza.

Wewe. Uliyeshusha koili yangu siku ile ya grisi.

Sijui kwa nini. Nilikaa juu ya tairi nikalifikiri. Pengine ulikirudisha bomba lisilegee, huku ukitafuta klipu ya kiwandani, na ulipoipata ukaitia koponi ungoje siku ya kuifunga, na siku haikuja. Pengine sivyo. Pengine ulikiacha cha mwisho, pengine ulikiacha tu. Hakuna wa kumuuliza. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika spana ile, na haikutaka kuzunguka.

"Alikuwa akijua ni chako?" mama yako akauliza.

"Alijua."

"Na alikiwata?"

"Alikiacha."

Akachukua pindo la leso yake, akakipangusa kile kishaba, polepole, ingawa hakikuwa na vumbi. Akasema, "Mimi sijui vyuma. Wewe alikuomba nini?"

"Nisiligeuze kuwa boti."

"Basi," akasema. Akachukua birika lake, akatoka. Chai alisahau kunimiminia.

Nikazungusha.

Chini yake, mpwangu, kwenye injini ya baba yako, palikuwa na umbo la sikio. Rangi ya kiwandani, mbichi, kama jana. Shaba yangu ilikuwa pana, ikakifunika kivuli kile miaka yote ya bahari, ikakitunza. Nikaweka klipu. Ikalala ndani ya kivuli chake bila kusukumwa. Nikakaza bolti, juu ya washa yako. Sikuona raha hata kidogo. Nikajua iko kwao.

Bwana Karim alikuja na basi la asubuhi, na kikofia chake, na kioo kidogo chenye mkono kama cha daktari wa meno. Kwanza alikwenda kaburini kwako. Alipotoka huko hakutaka chai, akasema kazi kwanza. Alipofungua boneti mimi nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri, na mengine yalikuwa mazuri sana, kulikuwa na moja linalohusu nyangumi. Lakini yule mtu hakuuliza kitu. Akatazama tu. Akaingiza kioo chake chini ya klempu, akahesabu sijui nini kwa midomo. Akagusa koili. Akavuta spring ya kabureta kwa kidole, akaiacha irudi. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, leso ameitia mdomoni.

Mwisho akafika kwenye bomba la petroli. Akakaa hapo.

"Hii," akasema, "nilimpa mimi. Alitafuta kwenye makasha yangu mchana kutwa mpaka akaipata, akafurahi kama mtoto. Zamani hiyo, kabla hata injini haijaingia kwenye gari. Nilidhani aliifunga siku nyingi."

Nilitazama makuti.

Zamani, kumbe. Ulikuwa nayo zamani. Kila siku tulipokuwa tukigombana juu ya koili na klempu, klipu ile ilikuwa koponi, na ya kwangu ilikuwa juu ya injini, na wewe ulikuwa ukipita juu yake, unapita, husemi.

Karim akafunga boneti kwa mikono miwili, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Akasema gari litasimama mstari wa kwanza. Mama yako akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akajiziba mdomo, kisha akaenda ndani. Nilimsikia akilia huko na nikamwacha.

Halafu Karim akatoa karatasi ngumu, ile inayowekwa mbele ya kioo, yenye jina la gari na la aliyelirudisha. Akaandika lako kwa herufi nzuri. Akainua kalamu, akanitazama. "Bwana Omari, najua nani alimaliza. Niandike majina mawili?"

Unajua mimi. Unajua kwamba jina langu likiandikwa hata kwenye mfuko wa saruji nauhifadhi. Nilikwisha kuliona, Athman, liko chini ya lako, na watu wa Mombasa wanalisoma, na mimi nimesimama pembeni najifanya nimelisahau. Mdomo ulikuwa wazi.

Lakini nikakumbuka kile kishaba mfukoni mwangu. Wewe jina langu ulikuwa umeshaliweka kwenye gari lile, mahali pake, ukalikaza na washa mpya. Na mimi kwa mkono wangu nimelitoa, kwa sababu uliniomba gari. La pili la nini tena?

Nikamwambia moja linatosha.

Karim akaniambia niko na moyo wa pekee, na mimi hata hilo sikuliongezea, jambo ambalo dada ameshalisimulia kwa majirani kama muujiza.

Basi ndiyo habari, mpwangu. Gari linakwenda Mombasa. Litaendeshwa na Karim mwenyewe, mimi nitakaa ubavuni, mama yako nyuma na vikapu vyake, amekataa kubaki. Nimemwambia nitamwelekeza Karim ndia. Amesema Karim aliijua kabla sijazaliwa.

Pumzika. Mola akupanulie mahali ulipo, akukutanishe na baba yako kwa wema, na mkikaa mwambie injini yake imerudi nyumbani. Mama yako mwachie mimi. Nitakula vyake, nitagombezwa, viatu nitaviacha mlangoni makusudi ili apate la kusema. Hilo ni rahisi.

Gumu ni hili, na ndilo ninalokuahidi. Pale kwenye mstari watu watakuja, watainama, watatazama ndani ya boneti, na kuna mtu atauliza ni nani huyu aliyejua kila kitu kwao ni wapi. Nitamwambia: Athman bin Famau, wa Kililana.

Kisha nitanyamaza.

Mjomba wako,
Omari